Ripoti zinasema demokrasia inashuka dunia nzima, ila Malawi matokeo ya urais yalifutwa kwa sababu ya Tipp-Ex. Njooni tujadili karatasi

#1 Mchele_wa_Kyela

Wakuu habari za jioni. Uzi mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu hatugombani.

Nimeona watu wanarushiana ile ripoti ya Freedom House ya 2025, lile shirika la Marekani linalopima uhuru wa nchi, inayosema uhuru umeshuka duniani mwaka wa 19 mfululizo, nchi 60 zimeporomoka na 34 tu ndo zimepanda. Wale wa V-Dem pale chuo cha Gothenburg Sweden nao mwaka huohuo wakasema nchi za kiimla zimefika 91 na za kidemokrasia 88, zaidi ya miaka 20 haijawahi kutokea za kiimla zikazizidi za kidemokrasia. Baada ya hapo mjadala unaishia palepale pa siku zote, huyu anasema Afrika tumelaaniwa, yule anasema mabeberu. Mimi naona tunasoma mizani hatuangalii kilichomo kwenye gunia.

Mimi mtu wa mchele, navuka Kasumulu naenda Karonga, mara nyingine nafika mpaka Mzuzu. Kwa hiyo ya Malawi 2019 sikusimuliwa. Uchaguzi ulikuwa tarehe 21 Mei, rais aliyekuwepo Peter Mutharika akatangazwa ana asilimia 38.57, Lazarus Chakwera 35.41, Saulos Chilima 20.24. Kwa walivyokuwa wanaisoma sheria wakati ule aliyeongoza kapita hata kama hajafika nusu. Sasa wapinzani wakaanza kuleta fomu. Fomu za matokeo zimepakwa ile rangi nyeupe ya kufutia makosa, Tipp-Ex, namba imefutwa juu yake imeandikwa nyingine, na nyingine hata saini ya msimamizi hazina. Yani mtu anakaa na uchaguzi wa nchi nzima anaufuta kama mtoto wa darasa la nne aliyekosea jedwali.

Watu wakaandamana miezi na miezi. Mzigo wangu ulikwama Mzuzu siku tatu maduka yamefungwa nikawa nawatukana kimoyomoyo, mchele unakaa, dereva anataka posho, nawaza hawa watu hawana kazi. Ila kuna kitu kilinishangaza, polisi wanapiga mabomu ya machozi halafu wanajeshi wanatembea katikati kama vile ndo wanawasindikiza waandamanaji. Sikuwahi kuona.

3 Februari 2020 majaji watano wakaingia mahakamani Lilongwe wamevaa fulana za kuzuia risasi chini ya ulinzi wa jeshi. Hukumu kurasa 500, imesomwa kama masaa kumi, redioni moja kwa moja. Siku hiyo niko sokoni Karonga, kila kibanda redio ileile. Kiingereza cha mahakamani wangapi wanakielewa, ila watu wametulia kama wanasubiri penati. Jioni matokeo yamefutwa, uchaguzi urudiwe, na safari hii lazima mtu avuke nusu ya kura. Mutharika na tume wakakata rufaa, Mei 8 wakapigwa tena. Juni 23 watu wakarudi kupiga kura katikati ya korona, Chakwera akashinda kwa zaidi ya asilimia 58.

Hoja yangu ni ndogo tu. Kabla hujaniambia nchi fulani ina demokrasia au haina niambie kwanza, fomu ya kituoni mwananchi anaiona? Wakala anapewa nakala? Ikichezewa kuna mtu wa kumpelekea? Hayo majina mengine tuyaache kwa wasomi.

#2 Jicho la Kunguru

Mkuu umeandika vizuri ila umeanza vibaya. Freedom House hela yao kubwa ilikuwa inatoka serikali ya Marekani, hilo sio siri. Unachukua cheti cha usafi kutoka kwa muuza sabuni.

#3 Mtafiti_Uchwara

Kunguru hoja yako ina ukweli nusu. Hela ni kweli. Ila haohao Marekani yenyewe wameishusha kutoka alama 94 mpaka 83 ndani ya kama miaka kumi, na waliandika wazi. Finland ndo wanapewa 100 kwa 100. Wanagawa alama 40 za haki za kisiasa, yani unachagua na kuchaguliwa, na 60 za uhuru wa raia, yani kusema, kukusanyika, kuabudu, mahakama na mambo kama hayo. Unaweza kubishana na alama moja moja mi sikukatazi, ila V-Dem wako Sweden wana njia yao tofauti kabisa na wanafika palepale. Mizani mbili za maduka mawili zikisema gunia limepungua, limepungua.

#4 Binti Tandika

Samahani jamani mi swali langu la kijinga. Kama kura zinahesabiwa kituoni na watu wanaona, zinaibiwa saa ngapi?

#5 Mchele_wa_Kyela

Dada hilo ndo swali lenyewe, sio la kijinga hata kidogo. Kituoni ni ngumu, kura mia kadhaa, mawakala wapo, watu wa mtaa wanajuana. Utamu uko njiani. Fomu inatoka kituoni inaenda kujumlishwa, inatoka kule inaenda makao makuu, kila hatua kuna mtu na kalamu. Malawi kwenye hizo hatua ndo rangi nyeupe ilipopita. Ndo maana nasema nakala. Ukiwa na nakala yako iliyosainiwa kituoni, huko juu wakiandika kingine unaweka mbili pamoja jaji anaona.

#6 Mwana wa Makueni

Wakuu wa TZ hamjambo, acha Mkenya aingilie. Sisi hii shule tulisoma kabla ya Malawi. 2017 Agosti Uhuru ametangazwa, Raila akaenda korti, Septemba 1 Supreme Court chini ya Maraga ikafuta, majaji wanne kwa wawili. Stori yote ilikuwa fomu za matokeo, 34A ya kituo na 34B ya jimbo, zingine hazina alama za usalama, na tume ikaambiwa ifungue server ikakataa. Fikiria unaambiwa na korti fungua unasema hapana.

Lakini tusidanganyane, marudio ya Oktoba 26 Raila alisusa, waliojitokeza karibu asilimia 39 peke yake, Uhuru akapata 98. Kwa hivyo karatasi ilishinda kortini ikashindwa barabarani.

2022 ndio mambo yalibadilika. IEBC, tume yetu ya uchaguzi, wakaweka fomu 34A zote kwa mtandao, vituo 46,229, mtu yeyote na simu yake anashusha anajumlisha. Manze hiyo wiki Kenya nzima ilikuwa wahasibu. Runinga kila moja na hesabu yake, hii inasema huyu anaongoza ile inasema yule, mpaka zikaacha. Mjomba wangu alikuwa na daftari, anajumlisha Makueni yote kwa mkono, shangazi anamletea chai. Makamishna wanne wakatoka nje wakasema hawatambui matokeo, lakini zile fomu zilikuwa zishaonwa na kila mtu. Korti ikathibitisha Ruto 50.49.

#7 Kichwa Ngumu

Mnaniua kwa kucheka. Karatasi karatasi. Wananchi wanataka usalama na ugali. El Salvador rais Bukele kawafunga wahuni wote, Februari 2024 kapata zaidi ya 84% na watu wanampenda kweli, hakuna Tipp-Ex wala nini. Hizo alama zenu za uhuru zimeshuka, mama anatembea usiku barabarani. Mniambie nani mjinga.

#8 Mtafiti_Uchwara

Kichwa Ngumu leo umeleta kitu cha maana. Na hapo hoja ya mleta uzi inapata tundu kwa sababu kura za Bukele hakuna aliyezifuta, watu walimpa. Ila angalia alifikaje pale. Katiba yao ilikuwa inakataza rais kurudi mfululizo. Mei 2021 bunge lake likawatoa majaji wa chumba cha katiba siku ileile ya kwanza linaapishwa, likaweka wengine, wale wapya wakasema anaruhusiwa. Hali ya hatari imetangazwa Machi 2022 ya siku 30, imeongezwa na kuongezwa mpaka leo, waliokamatwa wamepita 80,000, na serikali yenyewe imekubali iliachia maelfu waliokuwa hawana kosa. Julai 2025 bunge likafuta ukomo wa mihula kabisa.

Orbán naye Hungary 2010 alipata theluthi mbili ya bunge kihalali kabisa, akaandika katiba mpya 2011, akapunguza viti vya bunge, akachora majimbo upya. Hakuna kifaru hata kimoja kilichotoka kambini. Ukimuuliza anakwambia kila kitu kimepita bungeni, na ni kweli kimepita.

#9 Kichwa Ngumu

Ndo nasema hivyo. Kimepita. Wananchi wametaka.

#10 Mchele_wa_Kyela

Kaka sikatai wametaka. Swali langu kwako siku wakiacha kutaka watamtoa na nini? Mlango wa kuingilia ulikuwepo, wa kutokea ameupiga matofali. Hapo mi hata siongelei kama ni mtu mbaya au mzuri.

#11 Kivu Yetu

Bandugu zangu mimi nasoma tu ila hapa lazima niseme kitu. Kwetu Congo Desemba 30, 2018, CENI, tume ya uchaguzi, ilisema Beni na Butembo hazitapiga kura ya rais, sababu Ebola na vita, mpaka Machi. Machi! Na rais anaapishwa Januari. Sasa watu wa Beni wakafanya nini, wakapanga mistari yao wenyewe. Vijana walitengeneza sanduku, watu wananawa mikono kwanza kwa ajili ya Ebola, unaandika jina la mutu unamutaka kwenye karatasi unatia ndani. Ile kura haikuwa na maana yoyote kisheria, na watu walijua haina maana, na walipiga. Ndugu yangu mkubwa alisimama tangu asubuhi.

Maaskofu wa CENCO walikuwa na waangalizi kama 40,000 nchi nzima wakasema namba zetu na zile za CENI hazifanani. Tuliomba PV, zile fomu za matokeo, za kila kituo zitoke, mpaka leo hazijatoka. Basi Mchele yuko sawa. Mimi nchi inanyima karatasi nishajua jibu.

#12 Binti Tandika

Kivu Yetu hiyo ya Beni imenitoa machozi wallahi. Kunawa mikono halafu unapiga kura isiyohesabiwa.

#13 Jicho la Kunguru

Haya mimi nawavunja mioyo sasa. Venezuela Julai 28, 2024. Upinzani walijiandaa kuliko hao wote mliowataja. Kila mashine ya kura inatoa karatasi ndefu ya matokeo, ina alama ya kuskani, mawakala wao wakatoka nazo, wengine wamezificha. Wakakusanya za zaidi ya asilimia 80 ya vituo wakazimwaga mtandaoni watu wazisome. Edmundo González wao asilimia 67, Rais Maduro 30. Tume ikasema Maduro 51 na haikutoa karatasi hata moja ya kituo. Mahakama yao ikasema Maduro ndo kashinda. Septemba González yuko Spain, Januari 2025 Maduro kaapishwa.

Machado, kiongozi wa upinzani wao, kapewa Nobel 2025, hongera zake. Karatasi zilikuwepo zote. Sasa mleta uzi sema.

#14 Mchele_wa_Kyela

Kunguru umenishika. Nimekaa na hii post yako toka saa nne sikujua nijibu nini.

Nakubali karatasi peke yake haitoshi. Nikirudi Malawi naona kulikuwa na vitu vitatu vimekaa pamoja na ni kama bahati. Fomu zilikuwepo. Majaji hawakununulika, na sio kwamba hawakujaribiwa, kuna tajiri mwenye benki, Thomson Mpinganjira, alifungwa miaka tisa 2021 kwa kutaka kuwahonga majaji wa kesi hiyohiyo, na walioripoti ni wao wenyewe majaji. Na tatu jeshi halikupiga watu. Mutharika alikuja kumbadilisha mkuu wa majeshi Machi 2020, Juni serikali ikataka kumpeleka Jaji Mkuu likizo ya lazima siku chache kabla ya marudio, mawakili wakaingia barabarani na majoho yao. Angefanikiwa hata kimoja cha hivyo mapema kidogo leo tungekuwa tunaitaja Malawi kama Venezuela.

Ila hata Venezuela, zile karatasi ndo sababu dunia nzima inajua kilichotokea. Bila karatasi ingekuwa huyu anasema hivi yule vile.

#15 Jicho la Kunguru

Kujua sio kutawala, mkuu. Ila haya, nimekuelewa.

#16 Sauti ya Nsalaga

Na mimi naomba Malawi isipakwe rangi sana humu ndani. Oktoba 2019 kule Nsundwe na vijiji vya jirani, baada ya polisi mmoja kuuawa kwa mawe, askari waliingia wakabaka wanawake na mabinti. Tume yao ya haki za binadamu ilichunguza ikaandika, na 2020 mahakama ikaamuru walipwe fidia. Kila mtu akisimulia hii stori anaanza na fulana za majaji, wale kina mama hawatajwi.

#17 Mchele_wa_Kyela

Ni kweli dada. Na mimi nimeandika post ndefu sijawataja. Samahani.

#18 Wakili wa Shamba

Wakuu kwa upande wetu naweka kitu kimoja tu cha kisheria halafu naondoka, mods msinifute. Hizo za Malawi na Kenya kwetu hazifiki hata getini. Katiba yetu ibara ya 41(7), tume ikishamtangaza rais hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Uwe na fomu gunia zima utazipeleka wapi? Kuna wakili alipeleka hiyo ibara Mahakama ya Afrika, ile ileile iliyoko Arusha hapahapa, na Julai 2020 mahakama ikasema inakiuka mkataba wa Afrika. Ila kabla ya hukumu, Novemba 2019, Tanzania ilikuwa imeshapeleka taarifa ya kuondoa ruhusa yake ya raia na asasi kwenda pale moja kwa moja.

Kwa hiyo Oktoba 29, 2025 tunajua kilichotokea, mwenyekiti wa CHADEMA alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini, intaneti imezimwa siku kadhaa, watu wamekufa, halafu tumetangaziwa 97.66. Hata waangalizi wa Umoja wa Afrika walisema haukufikia viwango. Mimi kama wakili ukiniuliza nikafungue wapi kesi sina jibu.

#19 Kichwa Ngumu

Uzi umeshaanza kunuka.

#20 Binti Tandika

Si ungepita tu kaka yangu.

#21 Gololi Saba

Jamani mbona mko serious hivi. Nani anajua Gambia wanapigaje kura? Gololi. Sio utani. Mpiga kura anapewa gololi moja, anaingia nyuma ya pazia kuna madebe yamepakwa rangi za wagombea, anadumbukiza kwenye tundu, ndani kuna kengele inalia ting. Ikilia mara mbili wamekudaka umeingiza mbili. Chini wanaweka mchanga ili gololi isigonge tena ikaleta mlio wa pili. Na siku hiyo baiskeli zenye kengele haziruhusiwi karibu na kituo. Walianzisha miaka ya sitini kwa sababu wengi walikuwa hawajui kusoma.

Kuhesabu wanamimina kwenye trei lenye matundu 200 au 500, likijaa kila mtu anaona kwa macho. Rais wao Jammeh kakaa miaka 22, anatibu watu kwa majani, kasema Mungu akipenda atatawala miaka bilioni. Desemba 2016 wakakubaliana kuhesabu palepale kituoni badala ya kubeba madebe. Akapigwa na Adama Barrow. Alikubali, baada ya wiki akakataa, ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi, wakasogeza majeshi, Januari 2017 akapanda ndege.

Kwa hiyo Mchele badilisha kichwa cha uzi. Sio karatasi. Gololi.

#22 Mwana wa Makueni

Gololi huwezi paka Tipp-Ex 😂😂

#23 Mtafiti_Uchwara

Na mjue Botswana hawakuhitaji hata drama. Chama cha BDP kimetawala tangu 1966, Oktoba 2024 kimebaki na viti 4 vya kuchaguliwa kati ya 61, rais Masisi akapiga simu akakubali, Duma Boko kaapishwa Novemba 1. Siku mbili. Senegal nao, rais Macky Sall kaahirisha uchaguzi Februari 2024, Baraza la Katiba likamwambia hapana, mpinzani Faye katoka jela siku kumi kabla ya kura akashinda kwa 54. Mwaka huohuo 2024 ambao ripoti ya 2025 inasema nchi 60 zimeshuka.

#24 Binti Tandika

Swali la mwisho. Malawi baada ya yote hayo wanaendeleaje, Chakwera yupo?

#25 Mchele_wa_Kyela

Hayupo. Septemba 2025 wamemtoa. Na aliyerudi ni nani, Mutharika yuleyule, kapata karibu 57. Makamu wake je? Jane Ansah. Yule mama mwenyekiti wa tume ya 2019, ile ya Tipp-Ex, watu walikuwa wanaandamana ajiuzulu mpaka akajiuzulu.

Niliuliza mteja wangu Karonga imekuwaje, akanionyesha foleni ya petroli. Kwacha imeshuka, dola hazipatikani, mahindi bei juu. Chakwera akakubali matokeo kabla hata tume haijatangaza. Mimi nilicheka lakini yule mteja hakucheka, kwake mambo yote mawili yalikuwa sawa tu, 2020 alikuwa na hasira akapiga kura, 2025 alikuwa na hasira akapiga kura.

#26 Wakala Mstaafu

Nimesoma uzi wote na dhamiri inanisuta. Mwaka sitautaja na chama sitakitaja. Nilikuwa wakala, tumekaa toka saa kumi na moja alfajiri, mgombea wangu aliahidi chakula na nauli hakuna kilichokuja wala simu hapokei. Saa nne usiku tunahesabia kwa tochi za simu, tumbo linaunguruma. Wale wa upande wa pili wakaletewa chips na soda, wakanikaribisha kiungwana kabisa, hakuna aliyenitisha. Nikala. Msimamizi akasema saini hapa mzee tuondoke, nakala zimeisha utapata kesho. Nikasaini. Kesho yake sikwenda kufuata na hakuna aliyeniuliza.

Kura zetu pale kituoni zilikuwa zinaongoza. Nilivyokuja kusikia matokeo ya jimbo nilinyamaza.

#27 Jicho la Kunguru

Chips kuku au chips mayai?

#28 Wakala Mstaafu

Chips kavu.